Ni Nani Asiyepaswa Kula? Juu ya Maneno ya Paulo kwa Wathesalonike

Twaomba ruhusa mwezi huu kunena juu ya neno moja la Mtume Paulo lijulikanalo na kila mtu, nalo kwa kujulikana mno limeharibika. Ni lile ambalo watu hulifupisha kwa kusema: Asiyefanya kazi, asile. Limesemwa mashambani, limesemwa barazani, limeandikwa kwenye mbao za shule. Na mara nyingi msemaji akiisha kulisema hunyamaza kama mtu aliyekwisha kushinda kesi, maana ni nani awezaye kushindana na Maandiko? Sisi nasi hatutaki kushindana na Maandiko. Twataka kuonyesha ya kuwa neno hilo, likisemwa hivyo peke yake, si neno la Paulo. Ni kipande chake tu, na kipande kile kimepungukiwa na kile kilichokuwa moyo wake.

Tuanze na jambo lililotupata. Katika miezi ya dhiki kabla ya mavuno, usharika mmoja tuujuao ulikusanya mahindi na maharage ili kuwagawia waliopungukiwa. Wazee wakaketi na orodha ya majina. Lilipofika jina la mzee mmoja, aliyekuwa mkwezi wa minazi hata siku alipoanguka akavunjika nyonga, kijana mmoja alisimama akasema, kwa adabu wala si kwa chuki, ya kwamba mzee yule hajashika jembe miaka mitatu sasa, na Maandiko yasema asiyefanya kazi asile. Watu wakanyamaza. Jina likafutwa. Nasi tulikuwapo, tukanyamaza pamoja nao.

Lakini lililotuchoma si ukimya wetu peke yake. Kijana yule alikuwa mwanafunzi wetu. Neno lile alilisoma ubaoni kwetu, kwa mwandiko wetu wenyewe, maana tuliliandika pale mwaka mmoja ili kuwahimiza watoto waliokuwa wazito kupalilia shamba la shule. Hatukuwasomea lililotangulia, wala hatukuwasomea lililofuata. Tuliwapa kisu kisicho na mpini, kisha tukashangaa kuona damu. Kwa hiyo haya tuyaandikayo leo si mashtaka juu ya kijana. Ni hesabu ambayo mwalimu anadaiwa.

Basi, usiku ule tulifungua Kitabu, Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, mlango wa 3, tukausoma wote, kisha tukarudi mwanzo wa waraka, kisha tukausoma na ule wa Kwanza. Kazi yote haikuchukua saa nzima. Na hili tunalitaja ili msomaji asidhani ya kuwa kulielewa neno kwa yale yaliyo kandokando yake ni elimu ya watu wa vyuo. Mtu yeyote ajuaye kusoma aweza kuifanya, kwa nuru ya taa ya kibatari.

Kwanza tukumbuke kitu tunachokiita waraka. Ni barua. Wazee wetu wasiojua kusoma walipoletewa barua na mtoto aliyekuwa kazini mbali, walimpelekea mwalimu awasomee. Nani kati yao alisema: Mwalimu, nisomee mstari wa kumi tu, kisha uikunje? Walitaka salamu zote, habari zote, hata jina la mpeleka barua. Wangesoma mstari mmoja, pengine wangekuta mtoto ameandika, Msimpe mtu yeyote fedha zangu, wakaenda kuwanyima mama na wadogo zake; kumbe mistari miwili juu yake ameeleza habari za mdanganyifu mmoja apitaye vijijini akijifanya rafiki yake. Barua ya Paulo yataka heshima ile ile tuliyoipa barua ya mtoto wetu.

Wala zile namba tuzionazo kando ya mistari zisitudanganye. Paulo hakuziandika. Milango tuliyo nayo yatokana na kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, katika karne ya 13. Na namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa na mpiga chapa Robert Estienne katika kitabu alichokichapa mwaka 1551. Namba hizo zina faida kubwa, maana bila hizo mhubiri angechelewa kuwaonyesha watu mahali pa kusoma. Lakini zilitiwa ili kutuonyesha mahali pa kuingilia, wala hazikutiwa ili tukate. Zaidi ya miaka elfu moja watu waliusoma waraka huu kama maneno yanayofuatana, mkono kwa mkono, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kusema mstari wa 10 ni mali yake.

Sasa tuutazame mji wenyewe. Thesalonike ulikuwa mji mkubwa wa bandari katika Makedonia, ambao hata leo upo katika nchi ya Ugiriki, na njia kuu ya Warumi ilipita hapo. Kitabu cha Matendo, mlango wa 17, chatueleza jinsi Paulo alivyohubiri humo, na jinsi fitina ilivyozuka, ikawalazimu ndugu kumwondosha usiku pamoja na Sila. Hivyo aliacha nyuma usharika mchanga, wenye imani ya kweli na maswali mengi. Na swali lililowasumbua zaidi lilikuwa juu ya siku ya Bwana. Katika mlango wa 2 wa waraka huu wa Pili, Paulo awasihi wasifadhaishwe na watu wasemao ya kuwa siku ile imekwisha kuwapo. Wafasiri wengi hudhani ya kuwa hofu hiyo ndiyo iliyowafanya wengine waache kazi zao: kama dunia yaisha kesho, mtu apande nini? Paulo mwenyewe hakuunganisha mambo hayo mawili kwa neno la wazi, nasi hatutamlazimisha. Alilolisema wazi latutosha: palikuwa na watu walioacha kazi, na kazi waliweza kuifanya.

Twalijuaje hili la mwisho? Kwa neno moja dogo. Paulo hakusema habari ya mtu asiyefanya kazi. Alisema habari ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Lisome katika Biblia yako utaliona, na katika Kiyunani alichoandikia Paulo neno hilo la kutaka limo kadhalika. Basi pima tofauti. Asiyefanya ni wengi: mtoto mchanga, mgonjwa wa homa, kipofu asiyefundishwa kazi, mama aliyejifungua juzi, mzee aliyevunjika nyonga. Asiyetaka ni mtu wa namna moja tu, naye ni yule mwenye mikono mizima na moyo uliokataa. Msemo wetu wa barazani umeling'oa neno la kutaka ukaacha pengo, na kwa pengo hilo wamepita wanyonge wote kwenda kulala njaa.

Tukisoma yaliyotangulia, mstari wa 6 hata wa 9, twaona Paulo akiwakumbusha mwendo wake mwenyewe alipokuwa kwao. Alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu, ijapokuwa alikuwa na haki ya kulishwa. Matendo, mlango wa 18, chatuambia ya kuwa ufundi wake ulikuwa wa kushona hema. Basi anayenena hapa si tajiri awaambiaye maskini wafanye kazi, naye ameketi kivulini. Ni mtu mwenye sugu mkononi. Tena aliacha haki yake mwenyewe. Hakuondoa haki ya mwingine. Mtu akilitwaa neno hili ili kulinda ghala lake amelishika kwa upande usio wake.

Katika mistari hiyo Paulo awaita watu wale kwa neno ambalo Wayunani walilitumia pia kwa askari aliyetoka katika safu. Askari aliyejeruhiwa hatuwezi kusema ametoka safuni, amebebwa. Aliyetoka ni yule mwenye miguu yake miwili, aliyewaacha wenzake wakisimama jua kali.

Tukisoma yaliyofuata, mstari wa 11 watuonyesha jinsi watu hao walivyoishinda siku. Hawakulala vitandani. Walikuwa na shughuli nyingi za kuingilia mambo ya wengine. Katika Kiyunani Paulo ametumia maneno mawili yenye sauti moja, kana kwamba sisi tungesema: hawafanyi kazi, wanazunguka kazi za watu. Twawajua. Ni yule apitaye nyumba hii na nyumba ile, akijua nani amegombana na mkewe na nani ana deni dukani, na wakati wa chakula ukifika hujikuta karibu na jiko la mtu. Huyo ndiye aliyeambiwa asile. Sasa mlinganishe na mzee wetu aliyevunjika nyonga, asiyeweza hata kuvuka kijito kwenda kwa jirani. Je, sura ya mmoja yafanana na ya mwingine?

Na mstari wa 13, ulio karibu sana na ule wa 10 hata macho yaweza kuiona yote miwili kwa mara moja, Paulo aligeuka akawaonya wale wengine wanaofanya kazi wasichoke kutenda mema. Hapa ndipo tulipofunika uso kwa aibu. Mtume alijua ya kuwa mtu akiisha kusikia habari za wavivu, mkono wake utaanza kujikunja hata kwa wasio wavivu. Alijua ya kuwa tajiri wa roho akidanganywa mara mbili huchoka, akafunga mlango kwa wote. Kwa hiyo aliweka dawa karibu na sumu. Na sisi tuliwasomea watoto mstari wa 10, tukafuta ubao kabla ya kufika wa 13.

Wala hata kwa mvivu mwenyewe neno halikuishia katika kunyimwa. Katika mstari wa 15 Paulo aagiza ya kwamba asiyetii asihesabiwe kuwa adui, bali aonywe kama ndugu. Kusudi lake ni kumrudisha safuni, asile leo ili ale kesho jasho lake mwenyewe kwa utulivu.

Mtu akisema, labda Paulo aliwasahau wanyonge kwa kuwa waraka huu ni mfupi, na aufungue ule wa Kwanza, mlango wa 5, mstari wa 14. Pale Mtume aliwaagiza watu wa usharika ule ule namna ya kuwatendea watu wa aina tatu: wakaidi waonywe, waliovunjika moyo wafarijiwe, na wanyonge washikwe mkono, tena wote wavumiliwe. Paulo hakuwatia wote katika kapu moja. Daktari hatoi dawa ya minyoo kwa mtu aliyevunjika mfupa. Nasi twaona ya kuwa kosa la kikao chetu lilikuwa hili: tulitwaa agizo la aina ya kwanza tukampa mtu wa aina ya tatu. Agizo lilikuwa la kweli, na mtu alikuwa mtu wa kweli, lakini halikuwa lake.

Lugha yetu yenyewe yatufundisha jambo hili. Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ni ndugu ya neno la Paulo, nayo ni ya haki. Lakini ni nani kati yetu, mgeni wake akishikwa na homa usiku wa pili, ataingia asubuhi na jembe begani akamwamsha? Hakuna. Kwa kuwa twaijua methali pamoja na ukarimu wa nyumba iliyoizaa, hatuhitaji kuambiwa ya kuwa mgonjwa si miongoni mwa wanaopewa jembe. Methali zetu twazisikia pamoja na maisha yake. Maneno ya Biblia twayapokea kutoka mbali, kwa watu wa mji tusioujua, na ndiyo maana twapaswa kuyatafutia maisha yake katika mistari iliyo kandokando.

Si sisi tu tuliojaribiwa na neno hili. Limesafiri sana duniani. Kapteni John Smith alipowatawala walowezi wa Kiingereza huko Jamestown, Virginia, katika miaka ya 1608 na 1609, aliwawekea sheria iliyotokana nalo; naye alibakiza neno la kutaka, akamtenga na mgonjwa asiyeweza. Katiba ya Urusi ya Kisovieti ya mwaka 1918 ililichukua bila neno la kutaka, na ile ya Muungano wa Kisovieti ya mwaka 1936 ikalirudia, ijapokuwa ilitaja wajibu wa raia wenye uwezo wa kufanya kazi. Na hapa Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilisisitiza kazi kuliko mambo mengi, lilieleza ya kuwa wapo wanaostahili kutegemea wengine, kama watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema, na hata wale ambao nchi haijaweza kuwapatia kazi. Twayataja haya kwa sababu yatutia haya. Kapteni wa walowezi na waandishi wa siasa walikumbuka kumweka kando asiyeweza, na kikao cha wazee wa kanisa, chenye Kitabu mezani, kilisahau.

Yuko msomaji atakayetujibu: Mwalimu, maneno yako yatawafurahisha wavivu. Kila mvivu sasa atasema nyonga yake inauma. Jibu hili lina uzito, wala hatulidharau. Twakiri ya kuwa neno la Paulo ni kali, na ukali wake usitiwe maji. Kijana mwenye nguvu ashindaye chini ya mwembe akipiga soga, kisha akamtuma mama yake mjane kuomba unga kwa jirani, huyo ameandikiwa mstari wa 10 wote, bila kupunguzwa. Ukimlisha bila kumwonya humpendi. Kulisoma neno pamoja na wenzake hakulifanyi kuwa dhaifu. Kwalielekeza liende lilikotumwa. Mshale usioelekezwa nao una ncha kali, lakini waweza kumpata mbuzi wa jirani na kumwacha chui.

Tena kutofautisha asiyetaka na asiyeweza si kazi ngumu kijijini. Mjini watu hawajuani. Kwetu sisi twajua ni nani alianguka mnazi, mwaka gani, na nani walimbeba. Kinachotakiwa ni kwenda kumtazama mtu nyumbani kwake kabla ya kumsomea mstari.

Na yuko mwingine atakayesema: Je, si vema watoto wakariri mistari? Ni vema sana, nasi hatutaacha kuwakaririsha. Lakini tangu siku ile tumejiwekea kanuni tatu, nasi twawapa ndugu zetu walimu na wasomaji wote. Kwanza, usimfundishe mtu mstari ambao hujausoma mlango wake wote, juu hata chini. Pili, ukiusoma uulize: Nani anasema, anamwambia nani, na jambo gani lilikuwa limetokea? Tatu, ukitaka kumtolea mtu neno la Maandiko, jiulize kama mtu huyo ndiye aliyekusudiwa, au kama pengine uliyekusudiwa ni wewe. Kanuni hii ya tatu ndiyo iliyotuuma, maana tulipousoma mlango wote tulikuta ya kuwa katika kikao kile mzee hakuwa na mstari wake. Mstari wa 13 ulikuwa wetu.

Tumalizie na habari ya mzee mwenyewe. Jumapili iliyofuata tuliwaomba wazee tuketi tena, tukawasomea mlango wote, polepole, tukaungama mbele yao na mbele ya kijana yule ya kuwa kosa lilianzia ubaoni kwetu. Hapakuwa na ubishi. Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akaomba yeye mwenyewe apeleke fungu la mzee, nasi tukafuatana naye.

Tulimkuta mzee ameketi mkekani nyuma ya nyumba, mguu wake mbovu umenyooshwa, akisuka makuti. Marundo mawili yalikuwa yamekwisha kusukwa, yamepangwa vizuri ukutani. Wajukuu humwokotea yaliyoanguka, naye husuka tangu asubuhi hata jua linapochwea, na watu huyanunua kwa kuezekea. Miaka mitatu amefanya hivyo. Katika kikao kizima hapakuwa na mtu aliyejua, maana hapakuwa na mtu aliyekwenda kumtazama.

Kijana aliweka gunia chini, akamwamkia, Shikamoo babu. Mzee akaitika Marahaba, akamwambia aketi, kisha akampa kuti moja lililobaki ashike upande wa pili. Tuliwaacha wakisuka. Kesho yake tuliandika tena neno lile ubaoni, tangu mstari wa 6 hata wa 15. Lilijaza ubao wote, na watoto walilalamika ya kuwa ni refu. Tuliwaambia walinakili hivyo hivyo.